Mwili wa Kumpa Dada

6 Februari

Mdogo wangu Bonge,

Kuanzia leo tuandikiane. Simu imetushinda. Ukipiga unalia, mimi naanza kukubembeleza, na mwishowe haijulikani mgonjwa ni nani. Kwenye karatasi hata ukilia sitasikia. Tena mashine inaponisafisha damu nafungwa kitini nusu siku, mkono mmoja tu ukiwa huru. Huo nitautumia kukusumbua.

Daktari wangu ameongea na wale waliokupima. Damu zetu zinapatana na figo zako zote mbili ni safi. Tatizo ni uzito na presha. "Mtu wa kilo mia na kumi na nne mwenye presha hiyo simpasui, nitakuwa nimepata wagonjwa wawili," ndivyo alivyosema. Ushuke hadi tisini, presha itulie, ndipo watakulaza na kuitoa hiyo figo moja. Anakadiria miezi sita, ukienda kwa akili.

Kwa akili, Bonge. Nimefundisha michezo shule ya wasichana tangu wewe hujaoa. Nimewaona wanaoacha kula Jumatatu na kuzirai uwanjani Alhamisi. Wewe ni fundi cherehani, unakaa asubuhi mpaka jioni, mwili wako umesahau kwamba una miguu. Basi siku tatu kwa wiki tembea haraka, na ukizoea, kimbia. Hiyo ni ya moyo na presha. Siku mbili nyanyua vyuma, kwa sababu ukipungua bila vyuma unapoteza misuli pamoja na mafuta, na utafika kwa daktari kama shati lililotundikwa. Siku zilizobaki pumzika. Soda acha leo. Vya kukaanga acha leo. Vingine tutapanga.

Msalimie wifi yangu. Mwambie asikuonee huruma.

Dada yako,
Mwalimu


20 Februari

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Nimeanza, na aibu nimeipata yote niliyopangiwa.

Jimu yenyewe ni chumba nyuma ya gereji ya kupaka magari rangi. Vyuma vimetengenezwa kwa ekseli na makopo ya saruji. Mwenyewe wanamwita Msumari, maana ni mwembamba lakini hapindiki. Siku ya kwanza aliponiona mlangoni aliniuliza kama nimekuja kumpima suruali. Nikamwambia nimekuja kunyanyua. Akanitazama juu mpaka chini akasema, "Basi anza kwa kujinyanyua mwenyewe kutoka kwenye hicho kiti."

Mbio nakimbilia barabara ya nyuma ya maghala, ambako hakuna wateja wangu. Siku ya pili nilitapika kwenye mtaro. Siku ya nne wanafunzi walinisindikiza mpaka kona wakiniimbia. Sikukasirika, walikuwa na mdundo mzuri, ukanisaidia kufika.

Shida ni chakula. Wiki ya kwanza niliacha wali, mkate na viazi, vyote. Nikawa mwepesi kichwani mpaka nikashona mikono miwili ya kushoto kwenye koti la mteja. Mteja amelikubali koti lakini mimi hajanisamehe. Msumari anasema wanga ni sumu, nile nyama na mayai tu, na unga wake wa kopo ambao anasema unajenga misuli usingizini. Nimwamini nani?

Wifi yako anakusalimu. Hanionei huruma hata kidogo.

Mdogo wako,
Bonge


4 Machi

Bonge,

Nimecheka hiyo mikono ya kushoto mpaka nesi akaja kuangalia kama mashine ina hitilafu.

Nikueleze kwa lugha ya kazi yako. Wanga ndio umeme wa cherehani. Ukiukata, unaweza kukanyaga utakavyo, haishoni, na ukilazimisha itaanza kula kitambaa chenyewe, yaani misuli yako. Protini ndiyo uzi. Unaponyanyua vyuma misuli inachanika vichaniko vidogo sana, na usipokuwa na uzi hakuna cha kuishonea. Mafuta ni yale matone unayotia kwenye mashine. Ukikosa, chuma kinasaga chuma. Ukizidisha, unamharibia mteja nguo.

Sasa panga hivi. Siku ya mbio wanga uwe mwingi kuliko siku nyingine: viazi au mkate mweusi kabla hujatoka, na wali mchana. Siku ya vyuma wali upungue kidogo, maharage au samaki viongezeke, na ukishamaliza usikae na njaa. Kula protini pamoja na wanga, maana uzi bila umeme hauendi popote. Hiyo protini igawe asubuhi, mchana na jioni, usiilundike sahani moja. Siku ya kupumzika cherehani imezimwa, umeme wa nini? Jaza mboga. Mafuta ni kipande cha parachichi au konzi ya karanga, inatosha. Na maji, maji, maji. Mimi nimekatazwa kunywa zaidi ya vikombe viwili kwa siku, kwa hiyo kunywa na ya kwangu.

Hivi vitatu havigombani, Bonge. Anayekwambia kimoja ni sumu, anauza kingine. Kopo la Msumari liache palepale lilipo.

Juma lililopita walinipima moyo, ile ya kupakwa mafuta baridi kifuani. Wameandika maneno mengi ya kidaktari. Si kitu. Wewe endelea na zoezi lako, usiache hata ukisikia nini.

Dada yako,
Mwalimu


9 Aprili

Dada Mwalimu,

Shikamoo. Suruali ya kijivu nimeipunguza mara ya pili. Ningeipunguza tena ila mifuko ya nyuma ingekutana. Kilo mia na moja. Presha imeshuka mpaka nesi wa zahanati akabadilisha kipimo akidhani kimekufa. Sasa nakimbia mpaka daraja la reli na kurudi bila kusimama, na wale wanafunzi wameacha kuimba. Nimewakumbuka.

Hilo ndilo zuri. Jumapili nilipiga simu kwako akapokea shemeji. Akasema ule mshipa wa mkono unaounganishwa na mashine umeziba, wamekuwekea mpira shingoni. Barua yako haikusema. Nilipomuuliza zaidi akasema kuna mtu mlangoni. Dada, mimi nakaa na watu nikiwapima nguo, namjua mtu anayevuta tumbo ndani ili nisione.

Kwa hiyo nimekaza. Miezi sita ni ya mtu mwenye muda. Usijali, nakula kama ulivyoniagiza. Magoti yanalalamika kidogo ila duka la dawa lina majibu yake.

Mdogo wako,
Bonge


18 Aprili

Bonge,

Mpira wa shingoni ni jambo la kawaida kwa watu wa mashine. Shemeji yako ana mdomo, na kweli kulikuwa na mtu mlangoni.

Tuseme ya kwako. Umeshuka haraka mno. Mtu anayekula nilivyomwambia hashuki hivyo. Siku za mbio unakula wanga au huli? Nijibu ndiyo au hapana, usinizungushe. Na hayo majibu ya duka la dawa ni vidonge gani? Vidonge vya maumivu vinazichosha figo, na vikikukuta umekimbia na kiu ndio balaa. Kama magoti yanauma, pumzika wiki nzima. Tembea. Ogelea kama kuna mahali.

Hakuna haraka. Nasema tena, hakuna haraka yoyote. Ikichukua mwaka uchukue mwaka. Nataka ufike huko chini na ubaki huko maisha yako yote, si uguse kilo tisini siku moja halafu uanguke.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ndiyo, nakula. Vidonge nimeacha.

Unaposema hakuna haraka namjua anayesema. Ni yuleyule aliyevunjika mkono akiwa darasa la sita, akamwambia mama umeteguka kidogo tu, akaendelea kufua. Sitaki kubishana na wewe.

Kilo tisini na tano. Wapimaji wamenipa nafasi ya kupimwa tena tarehe 14 Mei. Nilitaka nikushtukize lakini nimeshindwa kunyamaza. Jiandae.

Bonge


13 Mei

Shemeji,

Habari za huko, na hali ya mgonjwa. Naandika mimi, mke wa Fundi, na naomba barua hii uisome wewe peke yako. Wifi asiione.

Mume wangu alianguka Jumamosi asubuhi njiani, karibu na daraja la reli. Watu wa gereji walimleta hospitali kwa gari lisilo na mlango. Alikuwa anatetemeka, misuli ya mapaja imekuwa migumu kama ubao, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Wamesema misuli imevunjikavunjika ndani, uchafu wake umeenda kuziba figo. Figo zake, shemeji. Wanampitishia maji kwenye mshipa. Jana walisema huenda akahitaji ile mashine. Leo wanasema tungoje.

Nimejua mengi kwa siku hizi chache kuliko miezi yote. Amejishonea koti na suruali ya nailoni, ile ya makoti ya mvua, akivaa ndani ya nguo ili atoke jasho zaidi. Alikuwa hanywi maji kabla ya kujipima. Wali niliompakulia alikuwa anaupeleka kazini na kuwapa vijana wa gereji. Alikuwa anaishi kwa mayai, nyama na ule unga wa kopo, anachota mara mbili ya alivyoelekezwa. Na vidonge vya magoti, asubuhi na jioni. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja na sikuona. Nilimwona anakonda nikafurahi, ndiyo kweli yenyewe. Nilimsifia.

Daktari amesema kutoa figo ni jambo la kusahau. Hata zikipona hatakubaliwa tena. Yeye bado hajaambiwa. Anauliza tu leo ni tarehe ngapi, kwa sababu ya ile nafasi ya kesho.

Naomba unishauri. Wifi akisikia atakufa kwa uchungu kabla ya ugonjwa.

Shemeji yako


17 Mei

Shemeji,

Pole sana. Pole ya kuuguza naijua, siitoi kama salamu.

Mimi si mwandishi, nitasema kwa kifupi. Barua yako nimemsomea mke wangu. Umeniomba nisifanye hivyo na nimefanya. Sikuweza kukaa na siri ya pili ndani ya nyumba hii, moja ilikuwa imenitosha.

Upasuaji ulifutwa tangu mwanzo wa Machi. Walipompima moyo walikuta umechoka, umetanuka, hauwezi kustahimili kulazwa usingizi wa upasuaji. Daktari alisema hata ikiletwa figo ya malaika, hatampasua. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Tulipofika nje akanishika mkono akasema, "Bonge asijue."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Anakimbia. Baba yetu alikufa ana uzito uleule, na umri uleule alionao Bonge. Kwa ajili yake mwenyewe hajawahi kukimbia hata kulikimbilia basi. Mwache akimbie kwa ajili yangu mpaka azoee." Nikakubali. Siku ile ya simu nilitaka kumwambia mumeo, nikasema kuna mtu mlangoni. Hakukuwa na mtu.

Nilipomaliza kumsomea barua yako hakulia. Aliomba nimgeuzie uso ukutani.

Mume wa wifi yako


21 Mei

Bonge,

Naambiwa umeanza kukojoa vizuri na kwamba umeshaambiwa yote. Kwa hiyo sina cha kukueleza ila kukuomba usiichane hii kabla hujafika mwisho.

Nilijua tangu Machi kwamba sitapokea chochote kutoka kwako. Kila barua niliyokuandikia baada ya hapo nilijua. Niliona unashuka kilo na presha, nikasema moyoni, huyu sasa atazeeka. Nililala na furaha hiyo kama mtoto aliyelala na kiatu kipya. Nilisahau kitu kimoja, kwamba wewe ulikuwa hukimbii ili uishi. Ulikuwa unaniwahi. Nilikuandikia hakuna haraka, na wewe ukasoma kwamba nakufa. Ningekwambia ukweli ungesimama pale daraja la reli ukapumua.

Nimefundisha watoto wengi kukimbia. Wewe ndiye niliyekudanganya mahali pa kumalizia mbio.

Usiniandikie kama huna la kuniandikia.

Dada yako


30 Juni

Mke wangu,

Nimekaa huku bila kukuandikia, na simu zangu zimekuwa za neno mojamoja. Unisamehe. Leo nitasema yote kwa mpangilio.

Unakumbuka nilivyoondoka, mdomo umefungwa, begi halijafungwa. Nilikuja kugombana. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Wanakaa ghorofa ya nne na lifti imekufa, nikapanda nikiwa bado nayapanga.

Shemeji alifungua mlango, akanipisha. Dada alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, miguu imevimba juu ya mto, shingo ina bandeji. Usoni alikuwa amekwisha. Alinitazama, tena kwa macho ya mwalimu, kuanzia kwenye viatu mpaka juu.

Nikamwambia, "Ulinidanganya."

Akasema, "Na wewe ulinidanganya. Nilikuuliza ndiyo au hapana, ukasema ndiyo."

Tukakaa. Shemeji akaenda jikoni akafungulia bomba ambalo halikuwa na kazi. Mimi nilingoja hasira ije, nilikuwa nayo mlangoni, lakini niliposhika mkono wake uliokuwa na mshipa ulioziba ulikuwa mgumu kama kamba chini ya ngozi, na baridi. Hasira haikuja. Baadaye akaniuliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akamwita shemeji.

Tangu siku hiyo tulikula meza moja. Ungetuona ungecheka. Yeye daktari wake alimwambia aongeze protini kwa sababu mashine inaiondoa mwilini, mimi wangu aliniambia niipunguze mpaka figo zitulie. Shemeji alikuwa anapakua sawasawa, na akigeuka tu namsogezea Dada kipande changu cha samaki. Wali wangu alikuwa ananipimia Dada mwenyewe, na hakubali niache hata punje. "Umeme," ananiambia. Asubuhi alinituma nikatembee, naye anakaa dirishani kuhakikisha sijaanza kukimbia. Hatukuombana msamaha. Sidhani kama tulikuwa tunajua nani aanze.

Wiki iliyopita alikataa kwenda kwenye mashine. Alisema amechoka, na alisema kwa sauti ya mtu anayeomba kushuka kwenye gari. Shemeji alinitazama mimi niseme kitu. Nilipoona anavyohema kwa kukaa tu, nikamrudishia miguu juu ya mto. Siku nne zilizofuata alilala zaidi ya kuwa macho. Ijumaa mchana aliamka, akanishika mkono wa juu hapa, penye msuli, akaubinya kama wanavyobinya embe sokoni. Akasema, "Hapa umefanya vizuri." Jioni akawa hayupo.

Tumemzika jana. Makaburi ya huku yako juu ya kilima, gari haliwezi kufika, jeneza linabebwa begani kuanzia barabarani. Mimi nilishika mbele kulia. Njia ni ndefu na ina mawe, jua lilikuwa kali. Waliokuwa pamoja nami walichoka wakapokewa, waliowapokea nao wakapokewa. Walimu wenzake, majirani, vijana wenye nguvu, wote walikuwa wanahema. Kila baada ya hatua chache mtu alikuja kunigusa mgongoni kwamba nimwachie. Nilikataa, na watu wakadhani ni uchungu au ni ubishi.

Haikuwa hivyo, mke wangu. Nilikuwa sijachoka. Moyo ulikuwa unapiga taratibu, magoti hayaumi, bega limetulia chini yake. Mwaka jana nisingefika hata mwanzo wa kilima kile. Nilimfikisha juu nikiwa napumua kama mtu aliyekaa kitini, na njia nzima nilitamani sana nichoke.

Mumeo